Rangi na Mguso: Kutoka Ubao wa Tingatinga hadi Kioo cha Simu

Waswahili husema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Methali hii humwonya mtu asiuamini uso wa kitu kabla hajajua kilichomo ndani. Ni onyo jema katika ndoa, katika biashara na katika siasa. Walakini katika uchoraji laweza kumpoteza mtazamaji. Picha haina ndani nyingine iliyofichwa nyuma ya uso wake. Kila alichonacho mchoraji, fikira yake, huzuni yake, furaha yake na ujuzi wa mkono wake, hana budi kukiweka juu ya uso huo mmoja, au kisionekane kamwe. Kwa hiyo mtu atakaye kuihukumu picha kwa haki hana budi kuanza usoni na kuuliza maswali mawili: ni rangi gani zilizotumika, na rangi hizo zimelalaje juu ya kitu kilichozibeba?

Swali la kwanza huulizwa na kila mtu. Rangi zina majina, na chenye jina huzungumzika. Swali la pili husahauliwa, kwa sababu mambo yake hayana majina mengi, na aghalabu huonwa kuwa shughuli ya fundi kuliko shughuli ya msanii. Hapa jambo hilo litaitwa mguso, na maana yake ni hali ya uso wa picha: ulaini wake au ukavu wake wa kukwaruza, mng'aro wake au kufifia kwake, unene wa rangi mahali hapa na wembamba wake mahali pale. Si lazima mguso ushikwe kwa kidole. Jicho lililozoea dunia hujua kabla ya mkono kwamba kitu hiki ni laini na kile kinakwaruza.

Sababu ya kuyashika maswali hayo mawili pamoja imo katika maumbile yenyewe. Rangi moja nyekundu, iliyotoka katika kopo moja, ikipakwa juu ya bati, juu ya ukuta wa chokaa na juu ya ukindu wa mkeka, huwa nyekundu tatu. Bati huurudisha mwanga upande mmoja, na rangi huwaka. Chokaa hunywa majimaji ya rangi na kuutawanya mwanga pande zote, na rangi hutulia. Katika mkeka kila msuko hutupa kivuli kidogo juu ya jirani yake, na rangi huingia giza. Basi hapana rangi iendayo peke yake. Mguso ndio mwili wake. Jambo hili lilikuwa wazi kwa kila fundi wa zamani, lakini limekuwa gumu kulikumbuka katika zama hizi ambapo picha nyingi huyafikia macho ya watu kwa njia ya kioo cha simu. Kioo hicho huikaribisha rangi na kuuacha mguso mlangoni. Hasara hiyo yastahili kupimwa, na kipimo chake ni kazi zenyewe.

Mfano wa kwanza u karibu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam na kuishi kwa kazi mbalimbali za mikono. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 alianza kuchora na kuuza picha zake Oysterbay, penye duka la Morogoro Stores. Hakuwa na kitambaa cha kuchorea wala rangi za mafuta zitumiwazo katika vyuo vya sanaa. Alitumia vipande vya hadibodi, ule ubao wa kubanwa uwekwao darini, aghalabu mraba wa sentimeta 60 hivi kila upande. Na rangi yake ilikuwa enameli, ile ambayo watu huiita rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Kazi yake yote ilitimia katika miaka michache tu, lakini njia yake ilishikwa na jamaa na wanafunzi wake, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wenye jina lake.

Enameli ina tabia zake, na mchoraji hana budi kuzitii. Ikisha kupakwa hujilaza yenyewe; nyayo za brashi huzama na uso hubaki laini. Hukauka kwa mng'aro. Haipendi kukutana na rangi nyingine ikiwa bado mbichi, maana huchuruzika na kuingiliana. Kwa hiyo mchoraji hupaka uwanda wa nyuma kwanza, akangoja ukauke. Kisha humpaka mnyama, akangoja tena. Kisha huweka mistari, madoa na vitone. Subira hiyo yaonekana katika picha. Chui wa Tingatinga hakuzama katika mandhari yake kama chui wa wachoraji wa Ulaya. Amekaa juu ya rangi ya nyuma kama kitu kilichowekwa juu ya meza, kingo zake kali, kwa sababu rangi hizo mbili hazikupata kukutana mbichi. Wako wasemao kwamba Tingatinga hakujua kuchora umbali na kina. Yafaa wasemao hivyo waulize kwanza enameli na hadibodi huruhusu nini, ndipo watoe hukumu. Mtu aliyepewa uso usiokubali ukungu wala kivuli laini, akachagua kusimamisha mnyama mmoja mzima juu ya uwanda mtupu, hakushindwa na vifaa vyake, amevielewa.

Kisha viko vitone. Kila kitone ni tone moja lililoachwa na ncha ya brashi, nalo hukauka likiwa limeinuka kidogo. Mtu akiitazama picha kwa ubavu, dirisha likiwa upande wa pili, huona mgongo wa mnyama umejaa vijiuvimbe vidogo juu ya uwanda uliolala laini kama maji ya kisimani. Hapo mguso umefanya kazi ya rangi. Rangi za mchoraji huyu zilikuwa chache, zile zilizopatikana katika makopo ya dukani. Lakini nyeupe iliyotonwa juu ya nyeusi, na manjano iliyotonwa juu ya nyekundu, humfanya mtazamaji aliye mbali aone rangi ya tatu ambayo haikununuliwa. Kadhalika vitone humtenga mnyama na nyuma yake, hata asipokuwa na kivuli. Katika kazi nyingi za waliomfuata wanyama wameongezeka hata uwanda wa nyuma hauonekani, na vitone vimetapakaa kila mahali. Mguso uliokuwa na kazi umekuwa pambo. Tofauti hiyo ndiyo inayompambanua mwanzilishi na wengi waliomuiga, nayo ni tofauti ya uso kuliko ya habari isimuliwayo na picha.

Tingatinga alipata uso laini kwa sababu ndio uliokuwapo. Mchoraji wa pili aliutafuta uso wa taabu kwa hiari yake. Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea uchoraji London katika Slade na katika shule ya Royal Academy. Huko alifundishwa kuchora kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa cha katani kilichowambwa, ambacho ndicho uso wa desturi wa uchoraji wa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini katika soko la watalii la Nairobi aliona kitambaa cha gome la mti, kinachoitwa lubugo nchini Uganda, akakichukua kuwa uso wa picha zake.

Kitambaa hiki kina historia kuliko picha yoyote iwezayo kuchorwa juu yake. Baganda hulibandua gome la mtuba wakati wa mvua, wakalifunika shina kwa majani ya mgomba lisikauke, ili mti uote gome jingine. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereo, pigo juu ya pigo, hata likapanuka na kulainika. Kisha huanikwa juani nalo hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Ni nguo ya heshima katika kutawazwa kwa wafalme, na ni nguo ya kuwazika wafu. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu usioshikika kwa mkono, na mwaka 2008 ikatiwa katika orodha yake. Kwa mchoraji wa rangi za mafuta, hata hivyo, ni kitambaa kisichotii. Hakiwambiki sawasawa. Kina matundu palipokuwa na vifundo vya mti, kina makunyanzi, na kipande kimoja hushonewa kingine ili kipatikane cha kutosha, hata mishono ikawa kama makovu.

Armitage hayafichi hayo. Matundu huyaacha wazi na mishono huipitisha katikati ya watu na miti aliyoichora. Rangi yake ni nyembamba, hupakwa na kukwanguliwa na kupakwa tena, nayo huzama katika gome badala ya kukaa juu yake. Matokeo yake katika rangi ni makubwa. Kijani chake na waridi yake, ambazo juu ya kitambaa cheupe zingekuwa tamu kupita kiasi, huwa na udongo ndani yake. Jicho hupata utamu na uchungu kwa pamoja. Katika mfululizo wa picha zihusuzo kampeni za uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2017, ambazo zilionyeshwa Venice mwaka 2019, mambo hayo yamepata maana yake kamili. Umati wa watu umechorwa kwa rangi za sikukuu, na kitambaa kilichoubeba kina majeraha. Hakuna kidole kilichonyoshwa kumlaumu mtu, wala maandishi ya kueleza. Penye tundu hapana rangi, na mtazamaji hujiuliza ni nini kilichopotea hapo. Laiti picha zizo hizo zingechorwa juu ya kitambaa kilichonyoka, zingebaki habari nzuri ya siasa, na swali hilo lisingeulizwa.

Maonyesho ya Armitage yalipofanyika Munich mwaka 2020 yaliambatana na kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia, nazo zilipewa jina la Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Mpango wa maneno hayo matatu wastahili kuangaliwa. Mwili umetajwa kwanza.

Mwaka uliofuata maonyesho hayo yalihamia London, katika jumba la Royal Academy. Ikatukia kwamba katika majira yale yale ya mwaka 2021, chini ya dari ile ile, palikuwa na maonyesho mengine ya mchoraji wa aina iliyo mbali kabisa na gome la mti. David Hockney, Mwingereza aliyezaliwa Bradford mwaka 1937, alionyesha picha 116 alizozichora Normandy, nchini Ufaransa, katika masika ya mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani. Zote alizichora juu ya kioo cha iPad, kisha zikapigwa chapa juu ya karatasi kwa ukubwa unaopita mara nyingi ule wa kioo. Mtu aliyelipa kiingilio cha maonyesho yote mawili aliweza kutoka katika uso wenye mwili mwingi kuliko nyuso zote na kuingia katika uso usio na mwili hata kidogo.

Kioo cha namna hiyo hakina rangi ya kupakwa. Kimegawanyika katika nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli, na kila nukta ina taa tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kwa kawaida kila taa hupewa daraja 256 za mwanga, na mchanganyiko wa tatu hizo huzaa rangi 16,777,216. Hapana duka la makopo liwezalo kushindana na hesabu hiyo. Tena kanuni yake ni kinyume cha ile ya rangi za kupaka. Mchoraji akizichanganya rangi zake zote katika kibao hupata matope, maana kila rangi humeza sehemu ya mwanga. Lakini taa tatu zikiwaka zote kwa nguvu zake huzaa nyeupe. Rangi ya kupaka hungoja jua au taa ije kuiangazia. Rangi ya kioo huja na taa yake. Ndiyo maana Hockney, tangu alipoanza kuchora kwa simu na baadaye kwa iPad, aliweza kuchora mapambazuko akiwa kitandani kabla chumba hakijapata nuru.

Kwa upande wa mguso, kioo ni maskini. Uso wake ni ule ule, laini na baridi, ukichorwa mchanga au ukichorwa mtindi. Watengenezaji wa programu za kuchorea wameliona pengo hilo na kulijaza kwa hila: ziko brashi za kuigiza nywele za brashi, ziko za kuigiza chaki, na ziko za kuigiza rangi nene iliyokwanguliwa kwa kisu, na kivuli chake kimekwisha kutiwa. Mchoraji mchanga huvutiwa sana na brashi hizo, na hapo ndipo kazi nyingi za kidijiti zinapoharibika. Kivuli cha rangi nene katika picha ya kweli hubadilika mtazamaji anapopita na jua linapozunguka. Kivuli cha kioo kimekufa. Hutoka upande mmoja daima. Ni mfano wa mguso, kama tunda la nta lilivyo mfano wa tunda.

Ubora wa Hockney katika jambo hili ni kwamba, katika kazi zake zilizo njema, hakujaribu kumdanganya mtu. Mistari yake ya iPad haijifanyi kuwa rangi ya mafuta. Mvua ni michirizi, majani ni vitone na vidoa vilivyorudiwa, umande ni alama ya programu iliyoachwa wazi kuwa alama ya programu. Tena kifaa hicho kina fadhila moja ambayo gome halina: programu alizotumia zaweza kuirudia picha mstari kwa mstari, tangu wa kwanza hata wa mwisho, kwa mpango ule ule uliochorwa. Katika picha ya Armitage mpango wa kazi ya mkono hujulikana kwa kusoma uso, rangi ipi ipo juu na ipi imekwanguliwa. Katika iPad mpango huo umehifadhiwa ndani kama wakati, nao huonyeshwa kama wakati. Huu waweza kuitwa mguso wa kioo, na pengine ndio wa pekee ulio wake kwa haki.

Hata hivyo sifa hii ina mpaka wake. Picha zile zilipochapwa kwa ukubwa juu ya karatasi zilipoteza vyote viwili. Nuru yao ilizimika, kwa kuwa wino hauna taa. Na wakati wao ulisimama, kwa kuwa karatasi hairudii mistari. Kilichobaki ni mistari mipana isiyo na uzito, iliyokuwa hai katika ukubwa wa kiganja na mitupu katika ukubwa wa ukuta. Kosa hapo si la kioo. Ni la kukihamisha kitu kutoka uso wake na kukipeleka katika uso mwingine, kana kwamba uso ni chombo tu cha kubebea rangi.

Kosa hilo hilo, likigeuzwa, ndilo linalofanyika kila siku katika madarasa ya Afrika Mashariki. Ubao wa Tingatinga na gome la Armitage huhamishwa katika kioo cha simu, na mwanafunzi huulizwa maoni yake. Armitage hupata hasara iliyo dhahiri: tundu huwa doa jeusi, mshono huwa mstari, na picha yenye upana wa mita mbili na zaidi huwa sawa na stempu. Mwanafunzi mwerevu hutambua kwamba kuna kitu asichokiona. Tingatinga hupata hasara iliyo mbaya zaidi, kwa sababu haionekani kuwa ni hasara. Uso wake laini na rangi zake kali hufanana na uso wa kioo na rangi zake, hata mtu hudhani amekwisha kuiona picha yote. Mng'aro umepotea, vitone vilivyoinuka vimelazwa, subira ya makoti matatu imebanwa katika tabaka moja, na mchoro wa mwanzilishi husimama bega kwa bega na nakala iliyochapwa kwa mashine, pasipo tofauti. Kisha huandikwa kwamba sanaa hii ni mapambo ya watalii. Hukumu hiyo yaweza kuwa kweli kwa picha nyingi zilizochorwa baadaye kwa haraka ya soko. Lakini mtu aliyeziona zote katika kioo hana haki ya kuitamka, kwa kuwa kioo kimemnyima ushahidi ambao ungemwezesha kuzitenga.

Yaweza kujibiwa kwamba bila simu mwanafunzi wa Songea au wa Bujumbura asingeiona picha ya Armitage kabisa, na jibu hilo ni la haki. Kuona nusu ni bora kuliko kutoona, ilimradi aonaye ajue kuwa ni nusu. Kwa hiyo yafaa anayeandika juu ya picha aliyoiona katika kioo aseme hivyo waziwazi, ataje vipimo vyake na vitu ilivyofanyiwa, wala asihukumu mng'aro, unene wala uzito wa rangi. Wanaopiga picha za kazi za sanaa kwa ajili ya vitabu na makumbusho wangefanya hisani kubwa kama wangeongeza picha moja iliyopigwa mwanga ukitoka ubavuni, ambayo huonyesha kila kilichoinuka na kila kilichozama. Na kwa kuwa mbao za wachoraji wa Tingatinga bado zinachorwa na kuuzwa Dar es Salaam, mwalimu wa mji huo hana udhuru. Aweza kununua ubao mmoja mdogo, akauweka mezani karibu na dirisha, akaweka kando yake simu yenye picha ya ubao huo huo, kisha akawaacha wanafunzi waelezane tofauti kabla hajasema neno.